Duara linapotokea kama yai: skeli za mihimili kwenye programu za grafu

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Mwaka huu tumepata kompyuta na projekta, nami nimeanza kufundisha grafu kwa kutumia programu. Nilipochora x² + y² = 25, wanafunzi wa kidato cha tano walisema hilo si duara bali ni yai lililolala. Nilipochora y = 2x na y = −½x, mistari ambayo nilikwisha kuthibitisha ubaoni kwamba hukutana kwa pembe mraba, ukutani haikuonekana hivyo. Mwenzangu wa jiografia akanishauri nisawazishe skeli za mihimili, na kweli duara likakaa sawa. Lakini tulipotumia skeli zilizosawazishwa kuchora mkato wa wima wa Ziwa Victoria, unaoonyesha kina chake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ziwa zima likawa mstari mmoja. Je, programu ina kasoro? Na skeli iliyo sahihi ni ipi?

Jibu: Mwalimu, programu haina kasoro, na wanafunzi wako nao hawakukosea. Mlinganyo ulioandika ni wa duara, na umbo lililotokea ukutani lilikuwa duaradufu kweli. Yote mawili ni sahihi kwa wakati mmoja, kwa sababu kati ya mlinganyo na picha yake kuna uamuzi ambao programu iliufanya bila kukuuliza: uniti moja ya x ichukue urefu gani kwenye kioo, na uniti moja ya y ichukue urefu gani. Kwenye karatasi ya grafu uamuzi huo unaufanya mwenyewe kabla hujaweka nukta ya kwanza, na wanafunzi wako wamezoea kuuandika pembeni mwa grafu: sentimita 1 kwa uniti 2, na kadhalika. Kwenye kompyuta hufanywa kimyakimya, ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba umefanywa.

Tupige hesabu yenyewe. Tuseme eneo la kuchorea lina upana wa pikseli 1,600 na kimo cha pikseli 900, nawe umeiagiza programu ichore kuanzia −10 hadi 10 kwenye mihimili yote miwili. Programu nyingi zitazitandaza uniti hizo 20 zijaze nafasi yote iliyopo. Uniti moja ya x itapata pikseli 80, na uniti moja ya y itapata pikseli 45. Duara lako lenye nusu kipenyo cha 5 litakuwa na upana wa pikseli 800 na kimo cha pikseli 450, na hilo ndilo yai waliloliona wanafunzi. Hata hivyo, kila nukta iko mahali pake: ukiitafuta (3, 4) kwa kusoma namba za mihimili, utaikuta juu ya mstari wa duara kama inavyotakiwa.

Mistari yako miwili imepatwa na jambo hilohilo. Mstari y = 2x unapanda uniti 2, yaani pikseli 90, kwa kila pikseli 80 za mlalo, kwa hiyo mteremko unaoonekana kwa macho ni 1.125, na pembe yake na mlalo ni takribani nyuzi 48 badala ya nyuzi 63. Mstari y = −½x unashuka pikseli 22.5 kwa kila pikseli 80, sawa na takribani nyuzi 16 badala ya nyuzi 27. Ukijumlisha, pembe iliyo kati ya mistari hiyo kwenye kioo ni nyuzi 64 hivi, wala si 90. Hata y = x, ambao kila mwanafunzi anajua kwamba unaigawa pembe ya mihimili katika sehemu mbili sawa, kwenye picha hiyo unapita kwenye nyuzi 29. Kanuni ya kwamba zao la miteremko ni −1 haijaguswa. Kilichopotea ni haki ya kupima pembe kwenye picha, na haki hiyo unayo pale tu uniti za mihimili yote miwili zinapokuwa na urefu mmoja.

Tiba ya haraka ni kuchagua mipaka inayolingana na umbo la eneo la kuchorea. Kwa eneo lile la 1,600 kwa 900, ukichora x kuanzia −16 hadi 16 na y kuanzia −9 hadi 9, kila uniti inapata pikseli 50 pande zote mbili, na duara linakuwa na pikseli 500 kwa 500. Ni hesabu ndogo, na ningependa wanafunzi waifanye wenyewe angalau mara moja kabla hawajaonyeshwa kitufe cha kuikwepa.

Hukutaja unatumia programu gani, kwa hiyo nitagusa zile zinazotumika zaidi. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kawaida hufunguka skeli zikiwa sawa, lakini mtu akiuburuta mhimili mmoja, usawa huo huvunjika na programu haikuonyi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye uwanja wa kuchorea, utafute uwiano wa xAxis : yAxis, kisha uchague 1 : 1. Ukipenda kuandika amri, andika SetAxesRatio(1, 1). Desmos nayo huanza ikiwa sawa, na huharibika ukiandika mipaka kwa mkono bila kuangalia umbo la kioo. Kwenye mipangilio yake kuna kitufe cha Zoom Square kinachorudisha usawa. Katika Octave na MATLAB amri ni axis equal. Angalia usiichanganye na axis square, ambayo hufanya fremu ya grafu iwe mraba tu: kama mipaka ya x ni 20 na ya y ni 5, fremu itakuwa mraba na duara litabaki duaradufu. Nimewaona watu wengi wakitumia hiyo ya pili na kushangaa. Katika matplotlib ya Python unaandika ax.set_aspect(1), katika R unaongeza asp=1, katika gnuplot ni set size ratio -1, na katika Maple ni scaling=constrained. Mathematica ina tabia yake: amri ya kawaida ya Plot hutoa picha ambayo kimo chake ni takribani 0.62 ya upana, uwiano ule maarufu wa dhahabu, hata kama mlinganyo unahitaji umbo jingine kabisa, na unaibatilisha kwa AspectRatio -> Automatic. Excel haina kitufe cha namna hii. Huko utalazimika kuweka mipaka mwenyewe na kuvuta fremu mpaka miraba ya gridi iwe miraba kweli.

Ukitumia amri hizi utaona jambo linalowasumbua wengi: mara mipaka uliyoiweka inabadilika yenyewe, mara fremu inasinyaa na kuacha nafasi tupu pembeni. Haya yana sababu. Mipaka ya mihimili, umbo la fremu na usawa wa skeli ni mambo matatu yaliyofungamana, na unaruhusiwa kuamua mawili tu, kwani la tatu hufuata lenyewe. Ukidai x iwe −10 hadi 10, y iwe −10 hadi 10, na skeli ziwe sawa, basi fremu lazima iwe mraba. Ukidai skeli sawa kwenye fremu pana, basi mhimili mmoja lazima uongezewe mipaka. Programu inayokubadilishia mipaka baada ya kuiomba usawa inatii amri yako kwa njia pekee iliyobaki.

Sasa projekta, kwa sababu umesema picha ilikuwa ukutani, na hapo pana mtego wa pili usiohusiana na programu hata kidogo. Kompyuta mpakato nyingi zina kioo cha pikseli 1,366 kwa 768, na projekta nyingi zilizoko mashuleni ni za pikseli 1,024 kwa 768. Projekta ikiwekwa kwenye mpangilio wa kujaza eneo lote, inaminya picha kwa mlalo hadi robo tatu ya upana wake bila kugusa kimo. Duara lililo kamili kwenye kompyuta litasimama wima ukutani likiwa jembamba. Kwa hiyo, baada ya kusawazisha skeli kwenye programu, chukua rula ya ubaoni, nenda ukutani, upime kipenyo cha mlalo na kipenyo cha wima cha lile duara. Vikitofautiana ukutani ilhali vinalingana kwenye kioo cha kompyuta, rekebisha mpangilio wa projekta na uiache programu. Na kama upande wa juu wa picha ni mpana kuliko wa chini, basi projekta imeinama, jambo linaloharibu pembe zote kwa namna ambayo hakuna mpangilio wa mihimili utakaoiponya. Tahadhari kama hiyo inahusu pia grafu unayoihamishia kwenye mtihani ulioandikwa kwa Word: vuta picha kwa kona yake, usiivute kwa ubavu.

Nije kwenye ziwa, ambalo kwangu ndilo lililo zito zaidi katika swali lako, kwa sababu linaonyesha kwamba ushauri wa mwenzako ni sahihi kwa duara na haufai kwa mkato. Ziwa Victoria lina upana wa takribani kilometa 240 kutoka mashariki hadi magharibi, na kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 80. Ukichora upana huo kwa sentimita 24 za karatasi, sentimita 1 inasimama badala ya kilometa 10. Kwa skeli sawa, mita 80 za kina zitapata milimita 0.08, ambayo ni nyembamba kuliko mstari wa penseli iliyochongwa vizuri. Ule mstari mliouona ulikuwa picha ya kweli ya ziwa. Wakazi wa Kirumba na Ukerewe wanaolitazama kila siku huenda wasiamini, lakini kwa uwiano wake ziwa hili ni tandiko jembamba sana la maji juu ya bonde lililo karibu tambarare, na nisingependa mwanafunzi amalize shule bila kuiona picha hiyo japo mara moja.

Hata hivyo picha hiyo haimwonyeshi mtu umbo la sakafu ya ziwa, na mwenzako wa jiografia anataka kufundisha umbo hilo. Basi achague skeli ya wima iliyokuzwa: tuseme sentimita 1 kwa mita 20, ili mita 80 zipate sentimita 4. Kwa kuwa sentimita 1 ya mlalo ni mita 10,000, wima umekuzwa mara 500, na sharti liandikwe chini ya mchoro kwamba umekuzwa mara 500. Bila maandishi hayo mwanafunzi ataona kuta zinazotumbukia ghafla na kudhani kwamba akipiga hatua chache kutoka ufukweni anazama shimoni. Kwa ukuzaji huo, mteremko unaoonekana kuwa wa nyuzi 45 kwenye karatasi ni kushuka kwa mita 1 tu kwa kila mita 500 za safari.

Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kugusa mpangilio wowote. La kwanza: je, mihimili miwili inapima kitu cha aina moja kwa uniti moja? La pili: je, msomaji atatazama maumbo na pembe, au atatazama mabadiliko? Jiometri ya duara, mistari ya pembe mraba, ramani, picha ya umbo lililozungushwa au kuakisiwa, hizi zinajibu ndiyo kwa swali la kwanza, na kinachotazamwa ni umbo, kwa hiyo skeli sawa ni lazima. Mkato wa ziwa unajibu ndiyo kwa swali la kwanza, kwa maana ni mita kwa mita, lakini kinachotafutwa ni mabadiliko madogo ya kina, ndiyo maana unakuzwa kwa tangazo. Na grafu ya kina cha maji dhidi ya miaka haina hata maana ya usawa, kwani hakuna anayeweza kusema mwaka mmoja una urefu sawa na mita ngapi. Hapo skeli ni chaguo, na chaguo hilo lazima lisimamiwe na mtu, lisiachiwe programu.

Chukua usawa wa maji ya ziwa letu. Kati ya 1961 na 1964, kufuatia mvua kubwa, maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena hadi karibu na kiwango kile, yakaingia kwenye makazi na mialo ya nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu akichora grafu yenye kimo cha sentimita 20, mhimili wa y ukianzia sifuri, kupanda kwa mita 2 kutachukua milimita 0.35. Msomaji ataona mstari mnyoofu juu kabisa ya ukurasa na kuamini kwamba hakuna kilichotokea. Akichora kuanzia mita 1,133 hadi 1,137, mita hizo 2 zitachukua sentimita 10. Ushauri unaorudiwa mara kwa mara, kwamba kila grafu lazima ianzie sifuri, haufai hapa. Sifuri hiyo ni usawa wa Bahari ya Hindi, na mvuvi wa Igombe hahusiani nayo. Kipimo cha Jinja, nchini Uganda, ambacho ndicho kimetumika tangu zamani kufuatilia usawa wa ziwa, kina sifuri yake yenyewe, na kwa kipimo hicho ziwa husomeka kwenye mita kumi na kitu.

Nasema hivyo kwa grafu za mstari. Grafu za nguzo ni jambo jingine, na kwazo sitoi nafasi: nguzo husomwa kwa urefu wake, kwa hiyo lazima ianzie sifuri. Ukilinganisha tani 90 za dagaa na tani 100 kwa nguzo zinazoanzia 80, ya pili inaonekana mara mbili ya kwanza, na hilo ni kumdanganya msomaji hata kama namba zote zimeandikwa sawasawa pembeni.

Kuhusu upana na kimo cha grafu za muda, kuna kanuni nzuri iliyopendekezwa na mtakwimu wa Marekani William Cleveland katika miaka ya 1980: uchague umbo la fremu ili miteremko mingi ya mstari ikae karibu na nyuzi 45, kwa kuwa hapo ndipo jicho linapotofautisha miteremko vizuri zaidi. Mfano unaotajwa sana ni wa madoa ya jua, ambayo idadi yake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Ukiichora takwimu hiyo kwenye fremu yenye kimo kikubwa unaona vilele vilivyosongamana tu. Ukiipa fremu pana na fupi, unatambua mara moja kwamba idadi hupanda haraka na kushuka polepole. Takwimu ni zilezile, na jambo hilo lilikuwamo tangu mwanzo, ila umbo la fremu lililificha.

Tahadhari moja fupi kuhusu kuiachia programu ichague mipaka: mwambie mwanafunzi achore y = tan x bila kuweka mipaka. Karibu na nyuzi 90 thamani hupaa mno, programu hutanua mhimili wa y uzimeze zote, na sehemu nzima iliyobaki ya mchoro hulala juu ya mhimili wa x kana kwamba ni sifuri. Weka y kuanzia −5 hadi 5 na mchoro unafufuka. Na unapoweka grafu mbili kando kwa kando, kwa mfano bei za sato katika masoko mawili, zipe mipaka ileile, kwani programu itaipa kila moja ya kwake na macho yatalinganisha visivyolingana.

Wanafunzi wakishazoea haya, wapeleke kwenye skeli ya logi, yaani ile ambayo kila hatua yenye urefu sawa huzidisha thamani kwa namba ileile, na samaki ndio mfano bora kwa shule iliyo kando ya ziwa. Uzito wa sangara huongezeka takribani kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: samaki wa sentimita 100 ana uzito wa karibu mara 8 ya yule wa sentimita 50. Kwenye mihimili ya kawaida sangara wadogo wote hubanwa kwenye kona ya chini na wakubwa wachache hutawala picha nzima. Kwenye mihimili ya logi pande zote mbili, nukta hujipanga karibu na mstari mnyoofu wenye mteremko wa karibu 3. Hapa tena skeli inarudi na masharti yake: mteremko huo utaonekana kwenye nyuzi 72 hivi ikiwa tu hatua ya kutoka 10 hadi 100 ina urefu mmoja kwenye mihimili yote miwili. Vinginevyo uhesabiwe kwa namba, na macho yasitegemewe.

Hilo la kuhesabu kwa namba lisisitizwe pia kwenye karatasi ya grafu, kwa sababu maswali ya mitihani mara nyingi hutoa skeli tofauti, kama sentimita 2 kwa uniti 1 ya x na sentimita 1 kwa uniti 5 ya y. Mwanafunzi anayetafuta mteremko wa tanjenti asome mabadiliko ya y na ya x kwenye namba za mihimili, kisha agawanye. Akihesabu viboksi, au akipima pembe kwa protrakta na kutafuta tan yake, kwa skeli hiyo jibu lake litakuwa dogo mara 10 kuliko jibu sahihi.